Mama Mkwe na Tairi la Nyuma Kushoto

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Asubuhi nimeinama kufunga kamba ya kiatu, nikaona aibu. Tairi la nyuma kushoto limeliwa! Si lote. Upande wa ndani umekuwa kipara, nyuzi zinachungulia. Upande wa nje bado una maua yake mazuri. Mengine matatu ni mazima. Sielewi. Gari moja, barabara moja, dereva mmoja. Kwa nini tairi moja tu lionewe?

Nimelipeleka gari kwa fundi Jumaa pale mjini Tarime. Alikuja kutoka Tanga zamani, na tangu hapo anajiona daktari. Amepitisha kiganja juu ya tairi huku amefumba macho. Akasema lina meno upande mmoja, yaani limeliwa kwa mabonde mabonde. Kisha akakandamiza gari kwa nyuma, akaliachia ghafla. Likaruka mara nne. Gari zima, kasema, huruka mara moja likatulia. Akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto.

Hukumu yake: shokapu ya kuzuia gari lisirukeruke imekufa, na bushi zimekwisha, yaani ile mipira inayokaa kati ya vyuma ili visigongane. Eti ndiyo maana gurudumu linakaa upande na kurukaruka, na tairi linaliwa.

Nimemshukuru nikaondoka. Mafundi wote huona ugonjwa ule ule wanaouzia dawa. Gari hili nililinunua kwa padri mwaka 1968, na padri hakuniambia lolote kuhusu bushi. Padri angeficha?

Lakini nina wasiwasi. Jumamosi ya tarehe 21 lazima nimrudishe mama mkwe kwake Morotonga, kule Mugumu. Nilijigamba mbele ya mashemeji zangu wote sita. Nilisimama kabisa. Nikasema mama yenu hatapanda basi maadamu mimi Nashoni nina gari. Na tairi hili halifiki hata Nyamwaga hapo jirani.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata sababu! Imenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata.

Ni mama mkwe. Yuko kwetu hapa Nkende tangu Juni kwa ajili ya matibabu ya macho. Kila wiki nampeleka kliniki mara mbili na kanisani mara moja. Sasa, mkwe ni mkwe. Simpi mkono, sili mbele yake, siongei naye uso kwa uso, siketi karibu naye. Kwa hiyo ndani ya gari nilimpa nafasi iliyo mbali zaidi na usukani. Nilipima kwa kamba. Ni kiti cha nyuma, kushoto. Pia niligeuza kioo cha dereva kitazame paa, macho yetu yasije yakakutana. Kinachotokea nyuma yangu tangu Juni sikijui.

Miezi miwili mtu mzima anakaa juu ya tairi moja! Jumaa na bushi zake!

Lakini nitamwambiaje mama mkwe kwamba ni mzito? Nitakufa kwanza. Nimemwambia mke wangu Bernadetha kwa sauti ya chini, nyuma ya jiko. Akanijibu kwamba mama alikwishamwambia tangu mwezi wa sita: kila shimo, kuna kitu kinagonga chini ya kiti chake kama mtu anayepiga hodi. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo! Ni uzito wake mwenyewe unagonga. Bernadetha akaenda kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Jumatano, 4 Agosti

Mama mkwe hawezi kuhamia nyuma kulia, atakuwa anapumua kwenye shingo yangu. Mbele ndiyo usiseme. Basi asihame yeye, yahame matairi. Nimelitoa bovu nikaliweka kulia, zima nikalipeleka kushoto. Kazi ya saa tatu. Nati moja imepotea, nadhani kuku ameimeza.

Nimejisikia mwenye akili sana. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Jumapili, 8 Agosti

Balaa. Baada ya kanisa nimekagua. Tairi zima nililolihamishia kushoto limeanza kuota meno! Siku nne tu!

Nimekaa juu ya kinu nikawaza. Jumatano lilikuwa zima. Likawekwa mahali palipokuwa na gonjwa. Leo linaumwa. Mtu yeyote aliyekulia zizini anajua maana yake. Yanaambukizana!

Hapa ndipo Jumaa anaposhindwa. Watu wa pwani hawajafuga ng'ombe. Ng'ombe mmoja akikohoa, unasafisha mahali alipolala. Nimekwenda kwa Mwikwabe, msimamizi wa josho, nikaomba dawa kidogo ya kupe kwenye debe. Ameniuliza ng'ombe wangu wangapi. Nikasema wanne. Si uongo mkubwa. Nimeosha magurudumu yote, na upande wa kushoto nimeosha mara tatu.

Jumatatu, 9 Agosti

Tumekwenda kliniki. Gari lote linanuka josho. Mama mkwe amepiga chafya kutoka Nkende hadi mlangoni kwa mganga. Mganga akamwambia Bernadetha kwamba macho yalikuwa yamepona, sasa yamekuwa mekundu tena, na ameongeza dawa ya siku tatu. Bernadetha hajaongea nami tangu saa sita mchana.

Meno ya tairi yameongezeka. Labda dawa ilikuwa nyepesi.

Jumanne, 10 Agosti

Habari kubwa! Kata imeletewa matairi mapya mawili. Mawili tu, kata nzima. Walioomba ni wawili: mimi, na Athumani mwenye duka, yule wa pikapu ya bluu. Huyu Athumani ni mtu wa kuudhi sana. Anaosha pikapu yake kila Alhamisi. Anapunguza mwendo kwenye shimo! Nimemwona kwa macho yangu akilikwepa jiwe dogo kama yai.

Mwenyekiti wa kamati ya ugawaji, mzee Mogesi, ametangaza sharti. Matairi hayatolewi kwa gari gonjwa. Amesema taifa halina mpira wa kulisha vyuma vibovu. Ijumaa saa nne asubuhi, magari yote mawili mbele ya ofisi ya kata. Mpimaji: fundi Jumaa.

Nikikosa matairi haya, gari litawekwa juu ya mawe lisiende popote, na mama mkwe anapanda basi mbele ya Tarime nzima. Lazima nithibitishe kwamba gari langu ni zima na kosa ni la abiria. Kwa takwimu.

Jumatano, 11 Agosti

Leo nimefanya jambo ambalo sitalirudia.

Mimi ni karani wa ghala la mahindi, na mizani ya magunia iko chini yangu. Nilimwomba Bernadetha amlete mama yake aone ghala letu la kisasa. Nilijificha nyuma ya magunia, kwa heshima. Bernadetha alipaswa kumsimamisha mama juu ya mizani kana kwamba ni mchezo, kisha asome kwa sauti. Lakini Bernadetha hajui kusoma mizani ile, ina vyuma vya kusogeza. Nikasikia anaomba msaada kwa mtu aliyekuwa akipita mlangoni. Nani? Athumani!

Athumani akasalimu shikamoo kwa adabu nyingi, akasogeza vyuma, akatangaza ghala zima lisikie: kilo arobaini na nane.

Arobaini na nane! Gunia lenyewe la mahindi ni tisini. Nikapiga chafya kwa sababu ya vumbi. Athumani akachungulia nyuma ya magunia, akaniuliza kama nami nimekuja kupimwa. Ili kuficha aibu nikapanda mizani. Kilo tisini na moja.

Sasa sielewi kabisa. Mzito ni mimi, na mimi niko kulia. Kulia tairi halikuliwa. Kushoto kuna mtu mwepesi, na tairi linaliwa. Kichwa kinauma.

Baadaye, saa kumi jioni. Hakiumi tena. Tairi linaliwa kwa sababu ya WEPESI! Halina uzito wa kulituliza, kwa hiyo linarukaruka. Hata Jumaa alisema linarukaruka. Alikuwa karibu kabisa na ukweli, maskini, akaishia kwenye bushi.

Alhamisi, 12 Agosti

Tisini na moja kutoa arobaini na nane ni arobaini na tatu. Nimepata jiwe la kusagia la marehemu shangazi, nikalipima ghalani: kilo arobaini na mbili na nusu. Nimeongeza kiberiti na kufuli. Nimeliweka nyuma kushoto, sakafuni kando ya miguu ya mama mkwe, nikalifunika kwa khanga lisimtishe. Twende kliniki.

Kelele chini ya gari zimekuwa mara mbili. Kwenye daraja jiwe limehama likaenda kulalia miguu yake. Hakusema kitu, kwa kuwa yuko nami. Ila tulipofika nyumbani Bernadetha ameniletea ujumbe. Mama anauliza kama jiwe hilo nalo ni mkwe, maana limekaa kwa heshima na limefunikwa khanga.

Nimeona haya sana. Nimemtuma Bernadetha ampelekee mama pole na papai kubwa. Papai limepokelewa.

Ijumaa, 13 Agosti

Nataka kuandika kwa utulivu.

Usiku nilikuwa nimepata jawabu la mtihani. Jumaa atakandamiza gari aone linaruka mara ngapi. Gari lisiporuka kabisa, je? Si litakuwa zima kuliko gari zima? Alfajiri nimekata gogo la mkaratusi vipande viwili, nikavigongelea kwa nyundo kati ya springi za nyuma na bodi mpaka zikakaza. Gurudumu lililokuwa likicheza nimelibana kwa mpira wa baiskeli, mizunguko tisa. Nikalitikisa. Kimya! Nikafika ofisi ya kata mapema, nikaegesha kivulini.

Watu wamejaa. Jumaa kakandamiza pikapu ya Athumani, imeruka mara moja ikatulia. Watu wakaguna kwa kuridhika. Akaja kwangu. Akakandamiza. Kimya. Akakandamiza kwa mikono miwili. Kimya. Akakaa juu ya buti na kuning'iniza miguu. Kimya! Mzee Mogesi akasema hili gari ni imara kama jengo la ofisi. Nikatabasamu, nikakosea kutabasamu mapema.

Jumaa akalala chini na kuchungulia. Alikaa huko muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa na jani la mkaratusi mkononi. Akanipa, akasema, "Bwana Nashoni, gari lako limeanza kuchipua."

Watu walicheka hadi karani wa kata akatoka nje kuuliza kuna nini. Matairi yote mawili amepewa Athumani. Nimerudi nyumbani polepole na magogo yangu, kila shimo likinipiga kichwa kwenye paa. Nimeumia. Si kichwa tu. Nimewaza nyuso za wale mashemeji sita.

Jumamosi, 14 Agosti

Sijatoka nje. Nimewaandikia kamati barua ya kurasa nne kupinga upimaji, kwa kuwa sharti halikutaja magogo.

Jumatatu, 16 Agosti

Barua imefanya kazi! Leo saa mbili asubuhi Athumani amekuja mwenyewe, anaviringisha matairi mawili mapya, moja kila mkono. Amesema yake yana uhai wa miezi mitano bado, na mzee Mogesi ameridhia tubadilishane zamu. Ila ana sharti moja: Jumaa atie bushi kwanza.

Bernadetha anadai haikuwa barua. Anasema barua bado iko juu ya meza, na ni kweli ipo. Eti mama yake alimwambia yeye, naye akamwambia Mwantumu mke wa Athumani, kwamba mkwe wake alitoa ahadi mbele ya wanawe na hataki aonekane mwongo. Mwantumu akamwambia mumewe. Yaani mama mkwe ameniombea, baada ya jiwe!

Nimeguswa. Nilitaka kumshukuru, haifai. Nimekwenda nje nikakohoa kwa shukrani karibu na dirisha lake.

Hata hivyo naamini barua ilichangia kwa namna fulani.

Jumanne, 17 Agosti

Jumaa amekata bushi nne kutoka tairi kuukuu la lori, kwa kisu na tupa, siku nzima. Shokapu ameitoa kwenye gari lililokufa la mtu wa Sirari, akaifunga leo leo. Lazima nikubali, gari limetulia kidogo. Bushi hakupata muda wa kuzifunga. Ameitwa kwenye lori lililokwama, hatarudi hadi Jumapili. Akanikabidhi zote nne na kunieleza: kutoa bolti, kugonga za zamani, kusukuma mpya kwa sabuni, kufunga. Kazi ya asubuhi moja, kasema, hata kwangu mimi.

Jumatano, 18 Agosti

Nimetandika gunia chini, nimepanga spana, nimeweka sabuni. Nikazishika bushi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii! Nyeusi, duara kabisa, laini pembeni. Tundu katikati limenyooka. Mtu wa pwani ana mikono, tusimnyime sifa.

Nikatazama chini ya gari. Vumbi, grisi, matope, kinyesi cha ng'ombe. Nikatazama bushi. Nikawaza: za zamani zimekwisha kwa sababu zilikaa huko chini. Sasa nichukue hizi mpya niziweke huko huko chini? Ili nazo ziishe? Huo ni uharibifu wa mali. Matairi mapya nimekwisha kuyafunga nyuma, shokapu ninayo, mama ni kilo arobaini na nane. Za zamani zitasogeza siku. Hizi ni za akiba.

Nimezifunga kwenye kitambaa safi, nikaziweka kabatini karibu na vikombe vya harusi.

Jioni Athumani ameuliza kuhusu bushi. Nimemwambia bushi ninazo. Sikusema uongo. Hakuuliza ziko wapi.

Jumamosi, 21 Agosti

Tumefika Morotonga! Saa saba za safari, na Nashoni ametimiza ahadi. Mashemeji wote sita walisimama nje. Nilipiga honi kuanzia kwenye zizi la kwanza.

Njiani kelele hazikukoma. Kila shimo, ko-ko-ko. Mara mbili Bernadetha aliniambia mama anauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa sauti kubwa, nikitazama barabara, kwamba gari lina bushi nne mpya kabisa.

Lakini limetokea jambo la ajabu, nalieleza kama lilivyokuwa. Baada ya mizigo kushushwa, nilikuwa mbele ya gari nikifuta kioo. Mama mkwe akashuka. Akanipa mgongo, kama inavyotakiwa, akaweka mkono juu ya bodi pale juu ya gurudumu la nyuma kushoto. Akaanza kuongea na gari! Kwa sauti ya kusikika, mashemeji wakisikia.

"Wewe gari, pole sana. Umenibeba na magoti yako mabovu mpaka nimefika. Magoti mapya nimeyaona Alhamisi nikitafuta sukari. Yamekaa kabatini na vikombe. Ukifika nyumbani, mwambie bwana wako ayatoe akuvalishe."

Akaligonga mara mbili kwa kiganja, akaingia ndani.

Mashemeji wamenitazama. Bernadetha amechunguza kucha zake. Mimi nimechanganyikiwa. Gari halina magoti! Nadhani ni ile dawa ya macho. Nimewaambia mashemeji kwa upole kwamba mama amechoka na safari.

Alhamisi, 26 Agosti

Siamini. Tairi jipya la nyuma kushoto limeliwa upande wa ndani. Jipya! Siku kumi tu tangu lije!

Na mama mkwe hayuko, kiti ni kitupu. Jiwe nimelirudisha nyumbani kwa marehemu shangazi. Kwa dawa ya josho nimeosha tena. Sasa nani analila?

Imekuja barua kutoka Morotonga pia. Shemeji mkubwa anaandika kwamba mama atarudi kliniki mwezi wa tisa, na amechagua mwenyewe kuja kwa basi. Amechagua mwenyewe! Nimeisoma mara tatu. Imeniuma, siwezi kuficha. Baada ya yote niliyomfanyia. Mama anatuma salamu kwa Bernadetha, kwa watoto, na kwa gari. Mimi sikutajwa, labda kwa heshima.

Athumani amepita, amelitazama tairi, akaniuliza tena kuhusu bushi. Nimemwambia kwa ukali kwamba bushi ziko salama.

Nimewaza mchana kutwa, na nadhani nimefika. Kiti! Miezi miwili na nusu mama alikikalia, kimeshauzoea uzito wake, sasa kinalalia tairi hata akiwa hayupo. Kesho nakihamishia kiti cha kushoto kulia. Na kamati nitaiandikia kwamba matairi waliyoleta ni laini mno kwa barabara za mkoa wa Mara.

Kabla ya kuandika haya nimefungua kabati kujifariji. Bushi zote nne zipo. Nimezipitishia kiganja nikiwa nimefumba macho, kama Jumaa. Hakuna meno, hakuna kipara, hazijaliwa hata kidogo. Ningezifunga chini ya gari zingekuwa zimekwisha leo pamoja na tairi! Nimezipaka mafuta ya nazi kidogo, nikazirudisha kwenye kitambaa, nikafunga kabati kwa ufunguo.